Bendera ya Darasa la Sita

"Bendera haihusiani na mafua," alisema Bwana Kengele, na safari hii alipiga meza kwa kiganja.

"Inahusiana kuliko barakoa zote ulizorundika kwenye ile stoo," nilimjibu. "Mtoto anayejua kwamba akikosa siku moja darasa zima linanyang'anywa bendera, atakuja shule hata akiwa anapumulia mdomo."

Nesi wa wilaya, aliyeketi kati yetu, alitazama dari. Ugomvi huu alishauzoea.

Bwana Kengele ni Afisa Elimu wetu, bosi wangu. Jina hilo walimpa walimu, maana akiingia shule yoyote, kabla hata ya salamu, hutazama saa yake na kuuliza kengele imegongwa saa ngapi. Mimi nashughulikia huduma za shule: maji, vyoo, madawati. Tangu redio zianze kutangaza kwamba kuna mafua mapya yanayovuka mipaka na kuua watu, na hayo nayo yakatupwa mezani kwangu. Tuligawa ndoo za koki na sabuni. Tuligawa vipimajoto, vile vya kuelekeza kwenye paji la uso. Tulifundisha walimu kukoholea kwenye kiwiko, wakachekana kama watoto. Kila shule ilitenga chumba cha wagonjwa, hata kama kwingine chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe. Tulirekodi masomo ya redio, ikitokea shule zikafungwa. Kwenye karatasi tulikuwa tayari kabisa. Kitandani nilikuwa nageuka kama chapati.

Kilichoninyima usingizi ni bendera. Kwetu, darasa lisilokosa mtoto mwezi mzima hupewa bendera ya kijani itundikwe juu ya mlango wake. Likiishika muhula mzima, linaichukua moja kwa moja. Ilikuwa wazo la Bwana Kengele mwenyewe, na sitamnyima haki yake: kabla ya bendera, siku za soko nusu ya madawati yalikuwa matupu, na mahudhurio ya wilaya yetu yalikuwa aibu tupu. Aliniuliza kama nataka turudi kule. Nikamwambia nataka watoto wanaoumwa walale kwao, basi. Akasema kazi ya kuwakamata wanaoumwa ni ya vipimajoto, ndiyo maana tumevinunua. Nikasema kipimajoto hakijui akili za watoto. Akacheka, akasema na mimi nimezidi kuwa mama, kila kitu nakiwekea mashaka.

Mwishowe nesi ndiye aliyetuamua. Alisema leo tuna zoezi la majaribio kwenye geti la shule moja. Kwa nini tusiache zoezi liamue? Mgonjwa hata mmoja akipita, bendera zishushwe wilaya nzima mpaka hili balaa lipite. Asipopita, mimi nifunge mdomo.

"Nakubali," alisema Bwana Kengele. "Na shule nachagua mimi." Akachagua ile ambayo darasa la sita lilikuwa limeshika bendera muhula mzima, bado wiki hii tu. Halafu akakumbuka kitinda mimba wangu yuko darasa hilo hilo, tena ndiye kiranja. "Usije ukawapendelea, mama," alinitania tukiingia kwenye gari.

Nilikuwa nimetoka nyumbani kabla watoto hawajaamka, kuwaandaa nimemwachia baba yao, na tangu hapo roho ilikuwa juu bila sababu ninayoweza kuitaja.

Getini kila kitu kilipendeza. Watoto walisimama kwenye mstari, mkono mmoja mbali na mwenzake, barakoa usoni. Ila mwongozo wetu unasema mtoto apimwe joto kwanza, anawe baadaye. Hapa ndoo ilikuwa imetangulia. Nilimuuliza mwalimu mkuu sababu. Akasema bomba liko upande ule, na mbona yote ni usafi? Bwana Kengele alinikata jicho la kuniambia nisianze.

Watoto wakapita. Kipimajoto kikalia ti, mwalimu wa darasa la sita akasema "pita", kikalia tena, "pita". Hakuna aliyerudishwa. Bwana Kengele alisimama mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa furaha kama baba mwenye harusi.

Nilichokitazama mimi ni nyuso. Watoto hawakunawa mikono tu. Walijimwagia maji usoni, wakashusha barakoa na kuzipandisha zikiwa zimelowa, wengine mpaka kola zinachuruzika.

"Hawa wanaingia darasani au wanatoka kuogelea?" nesi aliniuliza kwa sauti ya chini.

Kisha akafika Kiranja. Hilo ndilo jina lake hata nyumbani, tangu achaguliwe hatujapumua. Huyu ni mtoto ambaye kumnawisha uso asubuhi ni vita, lakini pale alijimwagia maji kiganja baada ya kiganja mpaka nywele zikalowa, akasimama mbele ya mwalimu wake macho yametazama mbele. Ti. "Pita."

Alitupita akasema, "Shikamooni," kama vile mimi ni mgeni kutoka wizarani. Sauti ilikuwa inakwaruza.

"Wewe, hebu njoo," nilimwita.

Akajifanya hasikii. Nilimfuata, nikapenyeza mkono chini ya kola, nyuma ya shingo. Hapo ndipo ninapowapima wanangu tangu wakiwa wachanga, na maji ya ndoo hayakufika hapo. Alikuwa anaunguza.

"Imeanza lini?"

"Siumwi."

"Sijakuuliza kama unaumwa."

Alitazama viatu vyake. "Jana. Baba nilimwambia nina usingizi tu." Kisha akanong'ona haraka haraka: "Mama, tafadhali usiseme. Wote tunajimwagia, maji yanatoa joto. Mwalimu anaona, hasemi kitu. Imebaki wiki hii tu. Nikiondoka mimi, watasema kiranja ndiye aliyetupotezea bendera. Watanisema mpaka tunamaliza shule."

Bwana Kengele alikuwa ameshafika. Nilimshika mkono nikauweka pale shingoni kwa mwanangu. Aliutoa upesi kama aliyegusa sufuria. Kisha akanivuta pembeni.

"Labda amekimbia njiani," alisema.

"Kukimbia hakuunguzi hivi, bosi. Yeye na kaka zake mkono wangu umewapima miaka yote."

"Sawa, anaumwa. Sasa sikiliza. Mpandishe kwenye gari kimya kimya, mwalimu amwandike yupo. Mtoto wako atapumzika, wenzake hawatamchukia, na mimi sitamnyang'anya mtu bendera aliyoitolea jasho. Kwani nani ataumia?"

Alikuwa hanitishi. Alikuwa ananisaidia, na hilo ndilo lililonikera, maana nilitamani kukubali. Nilimwona Kiranja amesimama peke yake uwanjani, maji yanamtiririka kidevuni, ananitazama mdomo kama anayesubiri hukumu. Nikikubali, leo jioni angekula vizuri na kunipenda. Na huko ndani wenzake wangeendelea kukaa bega kwa bega, nyuso zimelowa, kila mmoja anameza kikohozi chake. Mafua yenyewe hata hayajafika. Hii ilikuwa homa ya kawaida tu. Yakifika yale ya redioni, yangekuta njia imefagiliwa.

"Kiranja," nilisema, "nisubiri hapo hapo."

Niliingia darasa la sita. Walisimama wote kwa pamoja, wakasalimu. Mwalimu wao alinifuata nyuma, kipimajoto bado mkononi, na Bwana Kengele nyuma yake.

"Kiranja wenu ana homa," nilisema. "Namrudisha nyumbani sasa hivi, na leo ataandikwa hayupo. Ni mimi niliyemtoa, yeye alitaka kubaki, na mkiwa na hasira nileteeni mimi. Kwa hiyo bendera imeshakwenda. Hakuna tena cha kulinda. Nani mwingine anaumwa?"

Walinitolea macho juu ya barakoa zao zilizolowa. Kisha kule nyuma mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha aliyekizuia tangu getini, na alipomaliza akanyoosha mkono. Msichana wa karibu na dirisha akanyoosha wake. Kisha wawili wa dawati moja, wakitazamana kwanza. Nesi alikuwa ameshaanza kuvuta benchi kulipeleka barazani.

"Hata mimi," alisema mwalimu wa darasa la sita taratibu. "Tangu juzi kifua kinanibana."

"Kaa hapo na wewe, mwalimu," nesi alimwambia. "Kwanza nipe hicho kidude, kabla hujajimwagia maji."

Kuna mtoto aliyecheka. Mimi nilichukua kiti cha mwalimu, nikakiweka mlangoni, nikapanda na viatu vyangu vya ofisini, nikaichomoa bendera kwenye msumari wake. Ilikuwa nyepesi na imejaa vumbi. Nilimkabidhi Bwana Kengele.

Aliikung'uta, akaikunja mara mbili, akaishika kifuani. Alitazama lile benchi barazani, ambalo lilikuwa limejaa na wengine wamesimama.

"Na zile nyingine?" nilimuuliza.

Alitoa simu mfukoni, akaenda mpaka kwenye kona ya jengo, na nikamsikia akimwambia mwalimu mkuu wa shule ya kwanza kati ya zile zenye bendera, bila hata salamu, aishushe sasa hivi, asisubiri barua.

Kiranja alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha. Nilimnyooshea mkono, akaukwepa, akatangulia kwenye gari. Alikaa kiti cha nyuma, akageukia dirisha la upande wa pili. Nilivua koti langu nikamfunika, hakulitupa.

"Nyumbani," nilimwambia dereva.