Mjomba wa Watu Wote

Njaa iliyofuata vita vya Maji Maji ilijaza kanisa la Mwalimu Gabrieli kuliko mahubiri yoyote. Aliyebatizwa alipata uji, na akida wa Mdachi hakumchukua kwa kazi ya lazima ya barabara. Yuliana aliingia na mumewe Fransisko na binti yao Magdalena, ambaye bado alikuwa na meno ya utoto.

Sharti lilikuwa moja: kuukana ukoo. Huko Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Gabrieli aliliondoa neno hilo akalitia mfukoni mwake. "Hapa mjomba ni mmoja," alisema. "Mimi."

Kaka yake Yuliana, Mikidadi, alipokuja na mkungu wa ndizi kumjulia hali mpwa wake, Yuliana alimzuia mlangoni. "Sikujui, kafiri wewe." Jumapili hiyo Gabrieli alimsifu mbele ya wote, naye akafurahi.

Gabrieli ndiye aliyeamua nani alime wapi, nani aoe nani, nani asalimiwe. Bibi Agnes alimuudhi, akaishi masika yote bila kuamkiwa, mpaka akafa. Yuliana naye alimpita kama kisiki.

Padre mzungu alikuja kwa nadra, na aliyemtafsiria ni Gabrieli.

Miaka ikapita. Mke wa Gabrieli akafariki. Baada ya mavuno, Gabrieli akasimama madhabahuni akatangaza kwamba Bwana amemwonyesha mke mwingine: Magdalena. Watu wakapiga makofi. Msichana akamshika mama yake mkono.

Yuliana akainuka. "Mwalimu, wewe si mjomba wake?"

"Ndiyo. Mjomba wenu nyote."

"Mjomba anamwoaje mpwa wake?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajitia kukohoa. Gabrieli alitabasamu. "Huo ni ujomba wa damu, dada. Wangu ni wa roho."

"Uliponinyang'anya kaka yangu ulikuwa wa damu. Leo unataka kitanda, umekuwa wa roho?"

Hakuna aliyecheka tena. Fransisko alimvuta nguo. "Mama Magdalena, kaa chini. Mwalimu akinitupa, kesho akida ananichukua."

"Kwa hiyo achukuliwe mtoto?"

Fransisko akaiachia nguo. Yuliana akamshika binti yake mkono, wakaelekea mlangoni.

"Waacheni waende," Gabrieli alisema kwa upole. "Lakini cha kanisa kibaki kanisani. Watarudi kwa magoti."

Wanawake waliotwanga na Yuliana kila siku ndio waliowavua kaniki walizopewa na kanisa, yeye na binti yake. "Samahani, shoga," mmoja alinong'ona huku akivuta. Mama na binti wakatoka wamejifunga magunia, wakapanda mlima kwenda kwa Mikidadi.

Mikidadi alikuwa uani akimenya ndizi, majirani wamemzunguka.

"Shikamoo, mjomba," Magdalena alisema.

"Marahaba, mwanangu! Nani kakuvika gunia? Ingia ndani, mkaza mjomba wako akupe nguo."

Magdalena akaingia. Yuliana alipotaka kumfuata, Mikidadi aliweka mguu mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Kaka, ni mimi."

"Dada yangu alisema hanijui. Mimi kafiri, lakini si kiziwi."

Majirani wakaangua kicheko. Yuliana akapiga magoti. "Nimekosa, kaka. Gabrieli anataka kumwoa Magdalena."

"Mama alipokuwa anakufa alikuita. Nilikutumia mtu. Ulimjibu nini?"

Yuliana alikumbuka vizuri. Wafu wazike wafu wao: Gabrieli ndiye aliyemfundisha jibu hilo.

"Alikufa macho yakiwa njiani," Mikidadi alisema. "Mtoto ni wetu, atakula ninachokula, na hakuna mzee atakayemgusa nikiwa hai. Wewe nenda kwa mjomba wako."

Magdalena alitoka mbio, amevaa kanga mpya, akamkumbatia mama yake. Yuliana alimbandua vidole kimoja kimoja. Mtoto alishika tena, naye akambandua tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mtoto akalia kwa maumivu.

"Rudi ndani. Umesikia alivyosema mjomba wako?"

Kisha akashika njia ya kuteremka Morogoro. Huko kulikuwa na reli, na wafanyakazi wa reli hula. Angepika uji. Angepika chochote.

"Mama!" Magdalena aliita. "Mama, nisubiri!"

Yuliana hakugeuka. Angegeuka, mtoto angemfuata, na njia ile ilipita mlangoni kwa Gabrieli.