Umri wa Kidonda

Kahin, mfanyabiashara wa mifugo wa Katangi, alipiga simu Jumatano asubuhi na mapema. Mafahali wake wanne walikuwa wanadondosha ute, na mmoja aliinua miguu kwa zamu kana kwamba amesimama juu ya makaa. Nzilani, ambaye alikuwa daktari wa mifugo wa eneo lile kwa mwaka wa sita sasa, aliiacha chai yake mezani.

Zizini nyuma ya soko alimfungua fahali wa kwanza mdomo na kuushika ulimi. Ngozi ya ulimi ilibaki kwenye glavu yake kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, mbichi, na pembeni malengelenge mengine yalikuwa hata hayajapasuka. Alichukua sampuli kwa sababu kazi ilitaka hivyo. Jina la ugonjwa alikuwa nalo tayari: miguu na midomo.

Kahin alitaka kujua ng'ombe wazima wanawezaje kuharibika hivi ghafla. Nzilani alimweleza alivyofundishwa. Kirusi hiki ni kidogo kupita kiasi, ganda tu lenye uzi mmoja wa maagizo ndani. Kikipenya kwenye chembe ya mwili, chembe huusoma uzi ule papo hapo ikidhani ni agizo lake yenyewe. Inatengeneza protini moja ndefu, na protini hiyo inajikata vipande. Vipande vingine vinazima kazi za chembe, vingine vinanakili uzi, vingine vinajenga maganda mapya. Baada ya saa chache chembe inakufa na kumwaga maelfu ya virusi juu ya jirani zake. Nakala nyingi zina makosa, ndiyo maana chanjo ya mwaka jana huenda isifae mwaka huu.

"Kwa hivyo mwili wenyewe ndio unakifanyia kazi," Kahin alisema.

"Mpaka unachoka."

Kufikia saa sita habari ilikuwa imeenea, na pamoja nayo mkosaji. Ilisemwa kuwa Kahin ameuleta ugonjwa kutoka nyanda za mbali. Mzee Muindi, mkulima aliyeheshimika kanisani, alisema ng'ombe wake pia wanachechemea tangu mafahali wale wapite kwenye ua wake Jumatatu ya wiki iliyopita. Mkewe Kahin, Farhia, alifunga duka baada ya watu kusimama mlangoni bila kununua kitu. Naibu wa chifu akaitisha baraza kesho yake.

Jioni ile Nzilani alienda kwa Muindi. Alipomfungua ng'ombe wake mdomo, hakukuta nyama mbichi. Kidonda kilikuwa kimeanza kujifunga, kingo zake nyeupe na ngumu. Alikuwa na uzoefu wa kusoma umri wa vidonda. Vya mafahali wa Kahin vilikuwa vya siku moja au mbili. Hiki kilikuwa cha siku kumi.

Alimuuliza mzee kama ameongeza mnyama. Muindi alisita, kisha akasema alikuwa amenunua mtamba huko Masii siku chache kabla mafahali hawajapita. Mtamba huyo alikuwa anachechemea kidogo, naye akadhani ni mwiba.

Nzilani alisimama pale akihesabu siku nyuma. Jumatatu ile ile, siku ambayo mafahali waliwasili, Muindi alikuwa amemwita kwa ng'ombe huyu huyu. Alipima homa, akadhani ni ndigana, homa ya kupe, akadunga sindano. Mdomo hakuufungua. Alinawa mikono kwenye karai na kuondoka na mabuti yale yale. Alipitia maboma matatu, kisha akamalizia zizini kwa Kahin, akikagua vinywa vya mafahali kwa ajili ya cheti cha kuwasafirisha.

Barazani aliomba kusema kwanza.

"Ugonjwa ulikuwa kwa mzee Muindi kabla ng'ombe wa Kahin hawajafika hapa. Na ni mimi niliyeupeleka kwa Kahin. Kwa hivi viatu."

Muindi aliangalia chini. Kahin hakumshukuru. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, hiyo siku ulienda kwa nani wengine?"

Nzilani alitaja majina. Levi. Kasyoki. Syombua.

Syombua, mjane aliyeketi mstari wa mbele, alisema ng'ombe wake hana neno. Ndama aliyezaliwa Jumatatu ile, Nzilani akimvuta kwa mikono yake, alikuwa amenyonya vizuri asubuhi. Nzilani alimwomba waende wakamwone. Kwa ndama wachanga kirusi hiki mara nyingi hakijisumbui na mdomo wala kwato. Kinakwenda moyoni.

Walitembea pamoja mpaka nyumbani kwa mama yule. Nzilani alibaki nje ya lango, kwa kuwa hakuthubutu tena kukanyaga boma la mtu. Kutoka pale aliona ng'ombe amesimama na uzi wa ute ukimning'inia mdomoni, na ndama akinyonya, mkia ukichezacheza. Ndama aliacha chuchu. Alipiga hatua mbili, povu la maziwa bado liko mdomoni, miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka na hakutikisika tena.

"Mwaitu, mama, usimguse," Nzilani alisema.

Syombua alikuwa ameshapiga magoti, kichwa cha ndama mapajani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha aliinuka, akaja mpaka langoni, na bila kumtazama Nzilani akalifunga kwa ndani.

Simu ililia mfukoni. Alikuwa Levi. Kabla hajapokea, ya pili ikaanza kuingia, namba asiyoijua, na mtu huyo baadaye alisema ng'ombe wake wanadondosha ute kule Wamunyu, mahali ambapo Nzilani hakuwa amekanyaga mwezi mzima.