Pua Iangalie Geti

Kama kuna mtu aliyetembea kifua mbele wiki ile, ni Fundi. Na alikuwa na haki yake. Nguzo sita za chaja zilisimama wima kwenye uwanja wa zege, kebo zimeviringishwa vizuri, transfoma inavuma taratibu ndani ya wavu wake, na kazi yote hiyo, kuanzia vipimo mpaka waya wa mwisho, aliisimamia yeye, mwanamke pekee kwenye kikosi cha watu kumi na wawili. Ijumaa saa nne asubuhi meneja wa kampuni ya mizigo angekuja kukagua. Malori ya umeme yakichaji mbele ya macho yake, kikosi kingepewa vituo vingine vitano kando ya barabara kuu. Yasipochaji, kila mtu angefunga virago, na Fundi angerudi kubadilisha balbu na swichi za watu majumbani. Alishaapa kwamba hilo halitokei.

Alhamisi asubuhi yakaletwa malori matatu kwa majaribio, na la mbele, wacha wee, lilikuwa linaendeshwa na mjomba wake.

Mjomba huyu madereva wenzake walimwita Honi, na Fundi alikulia nyumbani kwake. Miaka thelathini na miwili alikuwa ameendesha malori ya dizeli. Kampuni ilipotangaza kwamba magari ya moshi yanaondolewa moja baada ya jingine, alinuna wiki nzima. Lori la umeme aliliita jokofu lenye magurudumu. Alilalamika kwamba halingurumi, halitetemeki, na mtu anaweza kusinzia humo akaja kuamkia mji mwingine. Lakini kazi ni kazi, akalipanda.

Sasa, kwenye mchoro malori yaliingia pua mbele, hadi karibu na uzio wa nyuma zilipo nguzo. Tundu la kuchajia liko ubavuni kushoto, nyuma kidogo ya kichwa cha lori, na kebo ya mita tano inalifikia bila taabu. Fundi alishajaribu hivyo na mtaalamu aliyetumwa na kiwanda, mtu aliyezoea kuegesha gari dogo, na wote wawili wakapeana mikono wakiamini mambo yamekwisha.

Honi akaipita nafasi yake, akasimama, akatia rivasi. Akalirudisha lori na tela lake polepole, jicho kioo cha kushoto, jicho kioo cha kulia, mpaka tela likakaribia uzio na pua ikaangalia geti. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu naye hakutaka kubaki nyuma. Hakuna aliyewaagiza, ndivyo wanavyoegesha tangu wajue usukani.

Fundi akaishika kebo, akaivuta. Ikakaza. Akaivuta tena, kana kwamba ingeona aibu ikajirefusha. Kati ya plagi na tundu zilibaki hatua kumi nzima, na kebo ndefu zaidi zingeagizwa zikafika baada ya miezi miwili.

Hasira zikampanda. Akamtaka mjomba ageuze, na mjomba akasema hageuzi. Lori likiingia pua mbele, alimweleza, kutoka kwake ni kurudi kinyumenyume na tela hadi barabara kuu, na yeye hakula chumvi yote hii ili aje kugonga watu kwa matako ya lori. Wenzake wakamuunga mkono. Fundi akawabembeleza iwe kesho tu, meneja akishaondoka wataangalia cha kufanya. Mjomba akashuka, akamsogelea.

"Mwanangu, siku mama yako aliposhikwa na uchungu, lori langu lilikuwa linaangalia geti. Ndiyo maana ulizaliwa hospitali na si sebuleni kwangu. Unataka niegeshe vipi?"

Fundi akaiachia kebo. Jambo hili alilijua kuliko mtu yeyote pale. Utotoni kazi yake ilikuwa kufungua geti: honi mbili fupi, naye mbio, pekupeku, kwenda kuondoa komeo. Mjomba alikuwa haingii ndani kunawa uso kabla hajaligeuza lori. Ameyaona hayo maisha yake yote, halafu amekwenda kupima kituo kizima kama mtu ambaye hajawahi kuona lori. Alitamani zege limmeze.

Akaenda kukaa juu ya gurudumu tupu la kuviringishia kebo, akautazama uzio wa nyuma kwa chuki. Nyuma yake ulikuwa uwanja wa kampuni wa kupakilia mizigo. Malori yalikuwa yanapakia pale, kisha yanazunguka mtaa mzima kuja kuingilia mbele. Yote hayo kwa sababu ya uzio wa waya tu. Akainuka, akamuuliza mjomba: akitokea kule nyuma, akapita katikati ya nguzo, atasimama wapi?

"Kichwa hapa, tela kule, pua getini," mjomba alisema. "Nikimaliza naondoka zangu."

Meneja alipopigiwa simu aliguna, akakubali uzio ung'olewe, akaonya kwamba mambo yakiharibika asitafutwe. Uzio ukalala kabla ya saa nane. Ikabaki shida moja: lori likitokea upande wa pili, kushoto kwake ndiko kulikokuwa kulia, kila moja lingetumia nguzo ya jirani yake, na lori la mwisho lingekosa nguzo. Ikabidi mistari yote ifutwe, ichorwe upya nafasi moja pembeni, mahali palipokuwa na kibanda cha vifaa. Mafundi na madereva wakakibeba mzobemzobe, Honi akiwaelekeza kama anayeongoza tela: njoo, njoo, kata kushoto, simama. Kisha akashika brashi, akachora mstari uliopinda, na hadi leo anakana.

Ijumaa malori yakapita katikati ya nguzo, yakasimama, pua getini. Kebo ikafika na kubakiza. Tarakimu kwenye kioo cha chaja zikaanza kupanda. Meneja akauliza ni nani aliyefikiria njia ya kupitiliza, maana kwenye mchoro haikuwemo.

"Madereva," Fundi alisema. "Mimi nilikosea. Nilipima bila kuwauliza."

Meneja akasema vituo vile vitano atavijenga Fundi, ila safari hii madereva wakae mezani kabla ya mchoro. Akanyoosha mkono kumpongeza.

Hapo, kebo ya lori la mbele ikiwa imeshachomolewa, zikalia honi mbili fupi. Fundi alishtukia yuko mbio kuelekea getini, kofia ya kazi imemwanguka, mkono wa meneja umebaki hewani. Akaondoa komeo, akalisukuma geti wazi, akasimama pembeni kama zamani.

Lori likapita bila kelele, dirisha wazi.

"Jokofu ni jokofu," mjomba alimwambia, "lakini honi yake haina neno."