Faili Lililokosekana Mokhotlong

Kompyuta ya studio ilikufa asubuhi. Kufikia saa saba mchana fundi Libuseng alikuwa amekwisha kutoa stoo ile mashine kuukuu ya akiba, akaifuta vumbi na kuanza kuisakinishia mfumo wa Linux kwa flashi. Nyuma yake alisimama Mama Puseletso, meneja wa redio, blanketi begani, mkononi kashika karatasi. Ilikuwa tahadhari aliyoipokea kwa simu muda mfupi kabla ya mnara wa simu wa mji wa Mokhotlong kuzimika: theluji nzito ingeanguka leo kabla ya magharibi, wala si keshokutwa kama walivyotangaza jana.

Juu milimani, kwenye vibanda vya mawe vya wachungaji, simu haikamati hata siku njema. Watu wa huko hutegemea redio ndogo za betri. Sauti ya studio hutoka kwenye kompyuta kwa waya wa mtandao, ikapanda kwenye dishi la paani, dishi likairusha hadi kwenye mtambo kileleni. Bila kompyuta, mtambo ulikuwa unarusha ukimya, na njia ya kuufikia ilikuwa barafu tupu tangu juzi.

Na baba yake Libuseng alikuwa huko juu. Mchungaji wake aliugua, mzee akakataa kuajiri mwingine, akapanda mwenyewe na kondoo zake.

Usakinishaji ukasimama. Maandishi yakatokea kwenye skrini: kadi ya mtandao inahitaji faili la kuiendesha, nalo halimo. Je, unalo kwenye flashi nyingine?

"Inasemaje?" Mama Puseletso akauliza.

"Kadi ya mtandao ipo ila haiwezi kuamka. Inataka faili lake, na mimi sinalo."

"Si ulipakue."

"Kwa mtandao upi, Mama?"

Jenereta ilikuwa ikinguruma nje. Wote wawili walimjua mtu aliyekuwa na tabia ya kuhifadhi mafaili ya namna hiyo, na wote wawili walijua kwa nini hakuwa hapo. Mwaka jana Libuseng alisimama mbele ya kamati ya redio akasema fundi mkuu, ntate Tankiso kama wote walivyomwita kwa heshima, anakuja kazini amelewa. Ilikuwa kweli. Tankiso akafukuzwa, na tangu siku hiyo akimwona Libuseng njiani huvuka upande wa pili.

"Niende mimi?" Mama Puseletso akauliza.

"Hapana. Utashindwa kumweleza ni faili gani."

Alikwenda mbio, upepo ukimkata masikio. Tankiso alifungua mlango nusu, akasimama katikati yake.

"Umekuja kuninusa?"

"Nimekuja kuomba msaada, ntate." Akamweleza kwa pumzi moja: mashine, kadi, theluji. Akaongeza, "Baba yangu yuko juu."

"Mokhele? Na miguu ile?" Tankiso akatazama mawingu yaliyokuwa yameshuka hadi kwenye mabega ya mlima. Akaingia ndani. Libuseng akasikia droo zikivutwa moja baada ya nyingine, kitu kikaanguka, mtu akalaani. Alipotoka alikuwa amevaa buti.

Studioni Libuseng alichomeka flashi ya Tankiso, akajibu ndiyo. Mashine ikatafuta, kisha ikauliza swali lilelile. Akajibu ndiyo tena. Swali likarudi.

"Halimo," akasema.

"Limo. Nimeliweka ndani ya makabrasha yangu, na mashine haichimbi huko." Tankiso akanyoosha mikono kuelekea kibodi. Vidole vilikuwa vikitetemeka. Akavirudisha mfukoni. "Andika wewe. Bonyeza Alt na F2, itakupa skrini nyeusi. Iunganishe flashi kwa kuandika amri mwenyewe."

Akaandika. Mashine ikakataa.

"Umeruka herufi. Polepole, binti. Theluji haikusubiri wewe, lakini na mashine haikuelewi ukiikimbiza."

Akaandika upya. Orodha ya makabrasha ikafunguka. Akalipata faili, akalinakili mahali Tankiso alipomwelekeza, kisha kwa amri akaizima kadi na kuiwasha ili isome upya. Nyuma ya mashine, pale waya unapoingia, taa ndogo ya kijani ikawaka, ikazimika. Ikawaka tena, ikaanza kupepesa.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya dakika arobaini na tano, na kila dakika Libuseng aliihesabu dirishani. Saa tisa na nusu Mama Puseletso alisoma tahadhari hewani. Alirudia mara kumi na moja, akitaja kila bonde kwa jina, akiwaambia watu waache mifugo kama ni lazima, washuke. Chembe za kwanza ziligonga kioo kabla ya saa kumi na moja.

Siku mbili hakuna aliyepanda wala kushuka. Siku ya tatu mzee Mokhele aliletwa juu ya punda, amekasirika. Betri za redio yake zilikuwa zimekwisha zamani. Jirani wa kibanda cha chini ndiye aliyesikia, akapanda kumtoa kwa nguvu. Kondoo kumi na tisa walikufa. Ng'ambo ya mto kijana mmoja hakusikia chochote, akapoteza vidole viwili vya mguu kwa baridi.

Jumatatu Tankiso alikuja kudai flashi yake. Libuseng akampa.

"Nilichosema kwa kamati kilikuwa kweli," akasema. "Ila nilipaswa kuja kukwambia wewe kwanza."

"Ningekutukana."

"Najua."

Tankiso akaigeuza flashi kiganjani, akiitazama mashine. "Hayo mafaili umeyanakili mahali pengine?"

"Bado."

Tankiso akavuta kiti, akakaa.