Mkono wa Kike

Siku trekta la marehemu Hashim lilipovunjika mkono wa usukani, mkewe Mwanafatuma alikuwa ndani ya eda, kwa hivyo mengi aliyapata kwa masikio tu, kupitia dirisha la chumba chake. Lilikuwa dirisha la mbao lenye pazia la kijani, lililofifia upande unaopigwa na jua. Kijijini Munje mjane hatoki. Havai la kupendeza, hatii wanja wala mafuta ya kunukia, na mwanaume asiye maharimu wake akitaka kusema naye, husema akiwa nje na yeye ndani. Pazia likiwa katikati, mambo huenda.

Trekta lenyewe lilikuwa Masi la zamani, lililotoka katika mashamba ya miwa ya Ramisi wakati kiwanda kilipofungwa. Lilikuwa jekundu enzi hizo. Sasa wekundu ulibaki mafichoni tu, chini ya taa na nyuma ya kiti, penginepo pote pakiwa na rangi ya kutu na udongo. Hashim aliwalimia watu mpunga, mahindi na mihogo, na kazi ikipatikana aliteremka nalo hata Majoreni. Alipoanza kuugua akamwachia usukani Chome, fundi wa Msambweni, kijana mrefu mwenye sauti nyembamba, ambaye ndiye aliyekuwa akilitengeneza kila lilipokohoa. Ni Chome aliyelipandisha gurudumu la mbele juu ya jiwe la tumbawe lililofichwa na majani. Mkono unaolishika gurudumu na kuligeuza ukakatika kama muhogo. Wakalivuta kwa pikapu ya watu mpaka uani, wakaliegesha likitazama nyumba, gurudumu moja limepinda kama mguu wa mtu aliyeteguka.

Hashim aliacha mke mmoja, binti mmoja, Hadiya, na ndugu mmoja, Seifu. Mafungu yao waliyajua bila kwenda kwa kadhi: nusu ya Hadiya, thumuni ya Mwanafatuma, na kinachosalia cha Seifu. Walikuwa wamekubaliana kwamba trekta likifanya kazi lisiuzwe, ligawanywe pato lake kila msimu. Lisipofanya kazi, liende kwa kilo. Seifu hakuwa mtu mbaya. Alikuja akakaa barazani chini ya dirisha, akauliza hali, akauliza dawa za presha kama zinaliwa, kisha akasema lililomleta.

"Shemeji, sikulazimishi. Lakini chuma kinachonyeshewa kinapungua. Nimesema na watu wa vyuma vikuukuu wa Ukunda. Jumamosi wanakuja na lori."

"Na likiwa limepona?"

"Likienda mbele na kugeuka huku na huku, lori litarudi. Hilo nakupa."

Mwanafatuma alipiga hesabu yake kimya. Thumuni ya vyuma vya kilo ingekwisha kabla mahindi hayajatoa ndevu. Trekta linalolima, hata kama thumuni ni ileile, lingemrudia masika na vuli, na hangehitaji kumwomba mtu sukari. Hadiya alikuwa akifua mashuka ya hoteli Diani, na mshahara wa mashuka haukuwa wa watu wawili.

Chome alikuwa ameshatafuta. Alikwenda Ukunda, akaenda Lunga Lunga. Mkono mpya ulikuwepo Mombasa, ila bei yake hakuitaja. Alisema tu kwamba muuzaji alipoitamka alitazama pembeni. Mtu mmoja wa Kinondo alikuwa na mkono mkuukuu uliochomelewa mara kadhaa, na Chome akakataa hata kuushika. Mwisho akasikia habari za Caroline, mwanamke wa bara aliyekuwa akinunua matrekta yaliyokufa na kuyachinja nyuma ya kituo cha mafuta pale Ukunda, akiuza kiungo kimoja kimoja. Akamwekea Mwanafatuma namba kwenye simu, maana yeye mwenyewe aliitwa Majoreni kutengeneza mashine ya boti, na huko mtandao hushika ukipenda.

Mwanafatuma akapiga. Upande wa pili kulikuwa na makelele ya nyundo, na sauti ya mwanamke aliyezoea kuyashinda.

"Mikono ya Masi iko mob hapa, tele, mama. Nitumie picha."

Simu ya Mwanafatuma ilikuwa ya kubonyeza, na ile ya picha ilikuwa Diani pamoja na Hadiya.

"Ya picha sina, mwanangu. Nitakueleza. Ni mkono wa usukani, wa gurudumu la mbele, mkono wa kike."

"Wa kike?"

"Wa kike ndio uliovunjika."

"Uko sure si wa kiume? Sitaki urudi kunisumbua."

"Nina hakika. Wa kiume ni mzima, umo mahali pake. Nauona hapa nilipo."

"Basi umeelewa spea kushinda mafundi," akasema Caroline, na Mwanafatuma akafurahi kidogo, ingawa hakumwonyesha mtu.

Fedha zikaenda kwa simu. Kesho yake mkono ukaja na bodaboda, ndani ya gunia la unga, umefungwa kamba ya katani na kupakwa grisi mpaka ukateleza. Mwanafatuma aliuwekea gazeti sakafuni, akaufuta kwa kitambaa, akaona ni chuma kizito kilichonyooka, hakina ufa. Alirudisha grisi aliyoifuta.

Chome aliporudi jioni alipewa gunia dirishani. Mwanafatuma alimsikia akilala chini ya trekta, akagonga, akanyamaza, akagonga upande mwingine.

"Mama," akaita, "huyu mwenye duka ulimwambiaje?"

Akamwambia neno kwa neno.

Chome akaja akakaa barazani. Sauti ilikuwa inamtoroka kwa kicheko alichokizuia.

"Basi amekutii. Umeletewa mkono wa kiume wenye ncha ya kike."

Ikabidi aeleze, na alieleza taratibu, maana mama huyu alikuwa amemlisha mara nyingi. Kwa Mwanafatuma, kama alivyofunzwa na bibi yake, mkono wa kulia ni wa kiume na wa kushoto ni wa kike, na hakuna zaidi. Lakini kwa watu wa spea, chuma chenye ncha ya kuingia ni dume, na chenye tundu la kuingiliwa ni jike. Caroline alisikia jike, akatafuta jike. Upande hakuuliza, kwa kuwa alidhani ameshaambiwa kila kitu, akatoa uliokuwa juu ya rundo, nao ulikuwa wa kulia. Trekta lilitaka wa kushoto, na ncha dume.

Chome akacheka mpaka akakohoa. Mwanafatuma alijizuia kwanza, kwani mwenye eda hata kicheko hukipima, kisha akajifunika mdomo kwa upande wa ushungi na kucheka nyuma ya pazia. Kilipokwisha kicheko, mkono ulikuwa bado ni wa kulia. Akauliza kama hauwezi kupashwa moto ukapindwa. Chome akasema unaweza, na utashika mpaka jiwe la kwanza. Likitokea barabarani, gurudumu litajikunja na atakayekuwa juu atazikwa. Yeye hataupinda.

Mwanafatuma akapiga tena. Caroline, kabla ya salamu kumalizika, alisema mali ikitoka dukani hairudi, kwa sababu watu hununua, hulimia msimu, kisha huja wakisema haikuingia. Mwanafatuma akamwacha amalize. Hakudai fedha. Alimweleza tu kosa lilivyotokea, maana ya bibi yake na maana ya mafundi, moja baada ya nyingine. Caroline akapaza sauti juu ya nyundo.

"Kwa hivyo mkono wangu wa kushoto ni mwanamke?"

"Ndivyo tusemavyo sisi."

"Na mtu akiandika na huo?"

"Huambiwa abadilishe."

"Mimi naandika na huo."

"Basi njoo nao huohuo, unichagulie mkono wa trekta mwenyewe."

Caroline akacheka, cheko fupi la mtu aliyeshikwa. Akasema anao mmoja wa kushoto, ila umetoka kwenye trekta la mwaka mwingine, na urefu wake hawezi kuuapia mpaka auone mahali utakapokaa. Tena matrekta ya Ramisi hayapatikani siku hizi, angependa kuliona. Angekuja Ijumaa.

Alikuja na pikapu, amevaa ovaroli, na manukato yake yalifika dirishani kabla yake. Alisimama kwenye trekta, akalizunguka, akaita mama atoke amwonyeshe. Mwanafatuma akamjibu kwamba yeye hatoki, lakini mgeni ni mwanamke, kwa hivyo na aingie. Caroline akavua viatu vyake vizito mlangoni, akakaa mkekani, akatazama chumba kilivyo kitupu, kisha akauliza kukaa ndani huko ni kwa ajili gani. Mwanafatuma akamwambia kwa ufupi kwamba yako mengi, lakini watu husema ni ili ijulikane kama kuna mtoto, na mjane atulie asitangetange. Caroline akamtazama mvi.

"La mtoto nimeelewa si lako," akasema.

"Hilo la pili ndilo langu."

Huko nje Chome alikuwa ameshaujaribu. Mkono uliingia. Ulikuwa mrefu kuliko ule uliovunjika kwa upana wa kidole, lakini fimbo inayoushikilia huzungushwa ikaingia ndani au ikatoka, na tofauti hiyo ingekwisha. Lilibaki suala la nani ampe nani nini. Caroline hakutaka kuupokea tena ule wa kulia bure, na Mwanafatuma hakuwa na cha kuongeza.

Caroline akaomba maji ya kunawa. Mtungi ulikuwa pembeni mwa ukumbi, na alipoinama kwa kata alibaki ameinama. Chini ya mtungi kulikuwa na puli pana ya chuma, ile inayofungwa ubavuni mwa trekta ikaendesha mkanda wa kinu. Hashim aliwahi kusagia watu unga kwayo, na alipoacha, akampa mkewe mbele ya Seifu, aufanyie kigoda mtungi wake usiguse sakafu. Ilikuwa mali yake, wala haikuhesabiwa katika mirathi.

"Hiki chuma cha kuwekea maji unakitaka, mama?"

Aliuliza kwa sauti ya chini kuliko zake zote, na Mwanafatuma akaitambua kuwa sauti ya mnunuzi. Alijibu kwamba anakitaka, kwani mtungi hauna pengine pa kukaa. Caroline akazungumzia joto. Akazungumzia barabara. Kisha akasema yuko mteja wake mwenye kinu anayetafuta puli kama hiyo, lakini si wa kulipa vizuri. Mwanafatuma akamwambia mteja kama huyo ni wa kuonewa huruma, na akamkaribisha mgeni kahawa. Mgeni alikunywa vikombe viwili. Walipomaliza walikuwa wamekubaliana kwamba puli iende, mkono wa kushoto ubaki, ule wa kulia urudi ulikotoka, na ziongezwe beringi mbili za gurudumu la mbele, kuukuu lakini zinazozunguka bila kulia.

"Mama, wewe umefungiwa ndani na bado unanifilisi," akasema Caroline, akivaa viatu.

"Mimi nimekaa tu, mwanangu. Mtungi je, utakaa wapi?"

Caroline akaenda kwenye pikapu, akarudi na ringi kuukuu ya gari dogo. Mtungi ukakaa juu yake, umeinama kidogo upande wa ukuta. Puli ilibebwa na Chome, ikaacha sakafuni duara jeusi ambalo Hadiya alilisugua jioni na halikutoka.

Jumamosi lori lilifika kabla ya adhuhuri, na watu wawili wenye minyororo. Chome alikuwa bado chini ya trekta akikaza nati. Seifu akawaambia wangoje, akasimama getini na mikono nyuma. Injini ilikataa kwanza, ikatema moshi mweusi, ikakubali. Mwanafatuma alisogeza pazia kwa kidole kimoja. Trekta likarudi nyuma, likaja mbele, likageuka kulia. Kisha Chome akazungusha usukani upande wa pili, polepole, na gurudumu lililokuwa limepinda likafuata lenziwe bila kusita.

Seifu hakuridhika. Akaokota jiwe, akaliweka njiani, akamwambia Chome alipande kwa gurudumu la kushoto. Gurudumu likapanda, mkono ukatetemeka, gurudumu likashuka. Akamwambia tena, kwa kasi. Likapanda, likashuka. Seifu akapiga magoti mchangani na kanzu yake, akautia mkono wake pale chuma kilipoungana na chuma, akapapasa. Chome alizima injini amngoje.

Watu wa lori walinung'unika. Walisema wametoka Ukunda bure na dizeli haiokotwi. Seifu aliwatoa kando, akawapa kitu kutoka mfukoni mwake, akawaonyesha pa kugeuzia, na lori likaondoka na minyororo yake ikigonga nyuma. Kisha akaja barazani. Hakukaa.

"Shemeji."

"Labeka."

"Wale wa nyuma ya msikiti wanauliza zamu yao ya kulimiwa. Naona leo wanaweza kuanziwa. Dizeli iko wapi?"

Mwanafatuma akamwambia iko nyuma ya ghala, kwenye dumu la buluu, na asichanganye na lile lenye kifuniko cheupe, hilo ni mafuta ya taa. Akamwambia pia aichuje kwa kitambaa kabla ya kumimina, maana dumu lina kutu kwa ndani. Seifu akauliza kitambaa gani. Mwanafatuma akafungua sanduku, akachana kipande cha leso kuukuu, akakipitisha chini ya pazia.