Lile la Klachi

"Toka hapo, Kitinda. Unaniziba mwanga."

Sikuwa nimeziba mwanga wowote. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa gari jekundu, na dada yangu alikuwa amekaa kwenye usukani, meno yameumana, akikanyaga klachi. Goti lake la kushoto lilitetemeka ndani ya suruali. Pedali ikashuka nusu, ikasita, ikarudi juu. Nikasogea. Nikaugeukia ukuta wa yadi na kulisoma tangazo la betri kwa umakini ambao sijawahi kukipa kitabu chochote.

Nyuma yangu gia ikaingia, hatimaye. Nilipogeuka, alikuwa ameukamata mguu wake kwa mikono miwili, anautoa garini taratibu kama anayeshusha mzigo wa mtu mwingine.

"Gari zuri," akasema.

Dada yangu alianza kuendesha gari la wagonjwa mimi nikiwa bado shule ya msingi. Wanaume wa idara ya magari hayo walimwambia kazi ya mwanamke ni kumfariji mgonjwa, si kumkimbiza. Akawajibu kwamba mgonjwa hafarijiki akichelewa. Hakuolewa; waliomwuliza sababu aliwaambia tayari anaye mchumba, ila analia sana barabarani. Wazazi wetu walipofariki tukabaki wawili katika nyumba yao: yeye na mimi, kitindamimba, fundi wa miwani, mtu wa kukaa kitini na kusaga vioo, ambaye hata kuendesha gari sikujifunza. Ya nini, na dada alikuwepo?

Halafu akaanza kujikwaa pasipo na kitu. Zulia lilelile tulilokua nalo likawa linamtega. Tulicheka mwanzoni, kisha tukaacha kucheka, kisha tukaenda hospitali. Daktari alituambia kwamba mishipa inayopeleka amri kwenye misuli yake ilikuwa inakufa polepole, na dawa ya kuifufua hakuna. Ugonjwa ungeanzia mguuni, ungepanda mikononi, ungefika kooni. Mimi nilitazama sakafu. Dada akauliza swali moja tu.

"Mguu gani unatangulia?"

"Wa kushoto," daktari akasema. "Umeshaanza."

Tulipofika nje ya lango akaniambia anataka kununua gari.

"La spoti," alisema. "La Kiitaliano. Milango miwili, na nyuma pasiwe na nafasi ya kumlaza mtu. Maisha yangu yote nimeendesha huku nasikiliza mtu anavyopumua kisogoni kwangu, Kitinda. Nikisikia pumzi imebadilika, naongeza mwendo. Nataka niendeshe bila kusikiliza."

Ndivyo tulivyofika kwenye yadi ya magari yaliyotumika, kwa bwana mmoja tuliyemwita Tabasamu kwa sababu midomo yake haikujua kufunga. Alikuwa na magari mawili ya aina hiyo, yaliyotoka kiwanda kimoja. La kwanza lilikuwa la zamani, jekundu lililopaushwa na jua, ngozi ya viti imepasuka, vioo vya kuzungusha kwa mkono, gia za kubadilisha mwenyewe. La pili lilikuwa jipya zaidi, la kijivu, limelala chini kama paka anayevizia, na lilikuwa otomatiki. Halina klachi. Mguu wa kushoto ndani yake hauna kazi.

Tabasamu alikuwa hodari. Akisimama karibu na jekundu alisema, "Ya kale ni dhahabu, dada yangu." Tukihamia kwenye la kijivu alisema, "Kipya kinyemi." Dada akamkumbusha kwamba methali hiyo ina mkia: kipya kinyemi ingawa kidonda. Yule bwana akacheka mpaka akashika boneti.

Dada aliliendesha la kijivu kuzunguka mtaa, mimi kando yake. Lilikwenda kama maji yanavyoteremka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala kwenye zulia la gari, umekaa tu, kama mgeni asiyekaribishwa.

Tuliporudi nikamvuta pembeni. "Dada, tuchukue hili. Hili utaliendesha muda mrefu. Mikono yako bado mizima."

"Najua."

"Lile jekundu litakutesa. Nimeona."

"Najua umeona. Hilo tangazo la betri ulilisoma kama barua ya posa." Akajifuta jasho juu ya mdomo. "Sikiliza, mdogo wangu. Nikikaa kwenye lile la kijivu, nitakuwa mgonjwa kila siku nitakayoliwasha. Nikikaa kwenye hili jekundu, nitakuwa mgonjwa siku moja tu. Ile siku mguu utakapokataa."

Tukaondoka na lile la klachi.

Siwezi kusema hatukufurahi. Alinichukua kazini kila jioni, nami nilitoka dukani na vumbi la vioo mikononi nikamkuta barabarani, kiwiko dirishani, wapita njia wanamkodolea macho. Tulipita barabara ya nje ya mji, ile iliyonyooka, na injini ikipanda sauti yeye alikuwa anacheka peke yake. Usoni alirudi kuwa msichana niliyemwona mara ya kwanza na sare ya kazi. Nyumbani alipanda ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato, na mimi nilijifanya nina shughuli jikoni.

Siku yenyewe ilikuja mchana kweupe. Tulikuwa kwenye mlima, kwenye taa za njia panda, magari mbele na nyuma. Taa ikawa kijani. Walio mbele wakaondoka. Dada akataka kukanyaga klachi kwa mguu wake wa kushoto na mguu haukwenda. Akaupiga ngumi pajani. Akaukamata kwa mkono, akausukuma juu ya pedali. Ukateleza, ukaanguka kando.

Honi zikaanza. Halafu, nyuma ya honi, kikaja kile kilio ambacho yeye alikijua kuliko mtu yeyote mtaani pale.

Aliangalia kioo. Sijawahi kuuona uso wa aina ile tena.

"Shuka," akaniambia. "Shuka usukume! Ita watu!"

Nikaruka nje nikipiga kelele. Wakaja wachuuzi wawili na mlinzi wa benki, tukaegemeza mabega, naye akakata usukani hadi gari likapanda ukingo wa barabara. Ambulansi ikapita ikikwaruza kioo chetu cha pembeni. Dereva alikuwa mgeni kazini, hakumfahamu. Alitoa kichwa dirishani.

"Mama, kama huwezi kuendesha, kaa nyumbani!"

Dada alijibu, kwa sauti ya chini mno kumfikia, "Kweli."

Jioni alimpigia simu mwenzake wa zamani wa idarani. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Alisikiliza, akashukuru, akaweka simu mezani.

"Mgonjwa alikuwa mwanamume. Moyo. Amefia mapokezi."

"Huenda angekufa tu, dada. Hata wangewahi."

"Huenda," akasema. "Mimi nimeendesha, Kitinda. Usinifundishe huenda."

Tabasamu alipopata habari alikuja mwenyewe nyumbani. La kijivu lilikuwa bado yadini. Akasema atabadilishana nasi bila maneno mengi. Nikamtazama dada kwa tamaa ambayo sikuweza kuificha. Akatikisa kichwa. "Kesho utakuwa mkono," akasema. "Na nyuma ya kila gari kuna mtu." Akamwomba alitafutie jekundu mnunuzi anayejua gia.

Mnunuzi alipatikana mvua zilipoanza, wakati dada hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa na maneno yake yameanza kuwa mazito. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole. Nilimkabidhi funguo uani, nikarudi chumbani nikafungua dirisha, kwa sababu dada alinionyesha dirisha kwa macho.

Injini ikawaka. Gari likatoka langoni.

"Gia ya pili," dada akasema, kwa shida. Tukasikia mngurumo ukishuka na kupanda. "Ya tatu. Kachelewa kidogo."

Likakata kona. Sauti ikawa nyembamba, ikaingia kwenye mvua, ikaisha. Mimi sikusikia tena chochote isipokuwa maji kwenye mabati. Nikanyoosha mkono nifunge dirisha.

"Ngoja," akasema. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. "Ya nne."