Mguu wa Kushoto wa Restuta

Daktari alisema mfupa umepona. Aliinua picha ya eksirei dirishani kabisa, akaonyesha kwa kalamu: "Mama, chuma kimekaa vizuri, mfupa umeunga, nenda kacheze." Tatizo ni kwamba mguu wenyewe haukuwepo kwenye mazungumzo hayo. Mguu wa kushoto wa Restuta ulikuwa na msimamo wake. Kwenye tambarare ulitembea bila maneno. Lakini ukiuonyesha ngazi, hata moja, hata kizingiti cha jirani, unagoma hapo hapo, na mwenye mguu anabaki kushika ukuta huku akitokwa jasho.

Yote yalianza mwaka jana gulioni Kiberege, Restuta alipokuwa anashuka kwenye bodaboda na debe lake la mchele. Alitanguliza mguu huo huo wa kushoto, na dereva akaondoa pikipiki kabla mama wa watu hajamaliza kushuka. Hilo tuliache, maana akikumbushwa atamsema yule dereva mpaka jioni.

Sasa shida ilikuwa hapa. Kanisani kwao Lipangalala, Jumapili ya mavuno, kina mama hupeleka mpunga mpya altareni wakicheza, na anayetangulia na ungo kichwani ni Restuta. Miaka kumi na minane ni yeye. Watoto waliomwona akicheza leo wana watoto wao. Na kufika altareni kuna ngazi tatu.

Katekista Apolinari, mzee ambaye hata akiomba chumvi utadhani anasoma matangazo ya ndoa, alikuja mwenyewe nyumbani kumweleza kwamba kamati imeona, kwa kuzingatia afya, mwaka huu mama apumzike. Ungo ataubeba Scolastica.

"Apumzike?" Restuta akauliza. "Mzee Apolinari, neno hilo si mnaliandikaga kwenye misalaba ya makaburini? Mimi mbona bado nakula ugali."

Scolastica ndiye aliyekuwa akicheza nyuma yake miaka yote hiyo kumi na minane. Na kumbe alikuwa ameshashonesha kitenge cha siku hiyo. Hapo ndipo palipomchoma Restuta, kwa sababu fundi wa kitenge kile ana foleni ya wiki tatu. Yaani mwenzake alijua wiki tatu kabla yake! Usiku huo alilia, tena si kidogo. Asubuhi akanawa uso, akahesabu: Jumapili ya mavuno imebaki wiki nne. Akaenda kwa Dativa.

Dativa alikuwa binti kutoka kijiji cha Mkula aliyesomea mazoezi ya viungo, na kila Jumanne na Alhamisi mchana aliwakusanya kina mama wenye maumivu yao kwenye ukumbi wa parokia, akawafundisha kucheza polepole. Restuta alipolisikia hilo neno polepole aliguna. Kucheza polepole si ndiyo kutocheza?

"Shikamoo mama," Dativa alimpokea mlangoni. "Vua viatu, karibu."

"Marahaba mwanangu. Na hizi soksi?"

"Na soksi."

Walikuwa kina mama tisa, wote watu wa jembe, wakisimama peku kwenye sakafu ya saruji. Spika ndogo ilitoa muziki wa filimbi na maji yanayotiririka, na kwa ajili ya hayo maji nusu ya darasa iliomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Fumbeni macho," Dativa alisema waliporudi. "Sikilizeni nyayo zenu. Zinasema nini?"

"Zinasema zimechoka," alijibu Agnella, jirani yake Restuta, mnene, mcheshi, mwenye mgongo mbovu.

"Vizuri. Zimechoka sehemu gani?"

Agnella akahamisha uzito toka mguu huu kwenda ule. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akasimama pale muda mrefu, akichunguza.

Restuta hakuwa na subira hiyo. "Mwanangu, mimi mwili wangu nausikiliza tangu alfajiri. Ninachotaka ni wenyewe unisikilize mimi."

"Umeshawahi kuuomba, mama? Au unauamrisha tu?"

"Mguu wangu mwenyewe niuombe? Kwani ni mkwe?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Lakini siku hiyo alipofika nyumbani Restuta alijifungia chumbani, akakaa kitandani, akaushika ule mguu na kuusalimia. Haukuitikia. Akauambia kwa upole kwamba wiki zilizobaki si nyingi.

Wiki zikaenda. Haki ya Mungu, polepole ile ilikuwa na kitu. Bega lililokuwa limekaza likalegea. Usingizi ukarudi. Akagundua jambo ambalo hakuwahi kulijua: kila anapoiona ngazi, anabana pumzi na kuuma meno, kana kwamba ile bodaboda inaondoka tena. Dativa alimfundisha kuiachia hiyo pumzi, naye akaiachia kweli. Basi akaenda kwenye jukwaa la pale ukumbini, lenye ngazi zake mbili, akapumua vizuri, akalegeza meno, na mguu ukagoma vizuri kabisa, bila wasiwasi wowote.

Alhamisi ya mwisho kabla ya mavuno, spika iliisha chaji na umeme haukuwepo.

"Leo bila muziki," Dativa akasema. "Fumbeni macho. Mwili ufanye unachotaka wenyewe. Hakuna anayetazama, na mtu asifumbue mpaka niseme."

Mtu akakohoa. Halafu Agnella akaanza kuvumisha wimbo, ule wanaoimba mashambani wakipandikiza mpunga, na mwingine akaudaka. Viuno vikaanza. Migongo ikainama yenyewe, mkono wa kushoto ukashika miche ambayo haikuwepo, wa kulia ukachomeka, ukachomeka tena. Mpunga, kama hujui, unapandikizwa ukirudi nyuma, la sivyo utakanyaga ulichokipanda. Dativa, aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga ya Mkula, alipaswa kulikumbuka hilo mapema. Alikuja kulikumbuka kina mama tisa walipokuwa wameshajipanga mstari mmoja, wameinama, wamefumba macho, wakirudi kinyumenyume kwa kasi ya watu wanaotaka kumaliza jaruba kabla ya mvua.

"Kina mama! Nyuma! Nyuma yenu!"

Wao wakasikia kama wanahimizwa kurudi nyuma. Wakaongeza mwendo. Mmoja alikalia benchi la kwaya, mwingine akaliparamia kabati, na Agnella akaipokea meza ya vikombe vya parokia kwa makalio yake yote mawili. Kishindo hicho ndicho kilichomfumbua macho Restuta.

Akaona wenzake wako chini. Akaona utosi wa Dativa kutokea juu. Alikuwa jukwaani.

"Nani kanipandisha huku?" aliuliza.

Hakuna aliyempandisha. Ngazi mbili, mguu wa kushoto ukitangulia, na hakuna hata mtu aliyemshika mkono. Aligeuka akaelekea ukutani, akashuka kinyumenyume vile vile, kama anavyoshuka ngazi ya kibanda cha kuamia ndege shambani, na mguu haukusema kitu.

Dativa alikuwa anacheka mpaka machozi. "Mama, mguu wako hauogopi ngazi. Unaogopa kuiona inakuja."

"Enhe. Kwa hiyo Jumapili niingie kanisani kinyumenyume, kama mchawi?"

Dativa akamsogeza tena kwenye ngazi. Wakajaribu kwa mbele mara nne, mkono kwa mkono. Mara nne mguu ukakataa.

Jumapili ya mavuno Restuta hakumwomba mtu ruhusa. Kwaya ilipoanza wimbo wa matoleo, Scolastica alikuwa mlangoni na kitenge kipya, na ungo ulikuwa kichwani kwa Restuta.

"Restuta, walisema..." Scolastica akaanza.

"Wanasemaga mengi. Twende."

Wakaingia. Jamani, alicheza! Mabega yalikwenda, shingo ilitulia, ungo haukumwaga punje. Vigelegele vikampokea kila benchi. Kwenye sakafu ile laini hata wewe ungesahau kwamba ana chuma ndani. Kisha zikaja ngazi tatu. Akapumua. Akalegeza meno. Akauomba mguu kwa heshima zote.

Mguu ukasema hapana.

Nyuma yake mstari ukaanza kubanana. Kwaya ikarudia kiitikio, ikarudia tena. Padri alisimama juu pale mikono wazi, akisubiri. Kwenye benchi la mbele Apolinari alikuwa ameshanyanyuka nusu. Restuta alihisi macho ya kanisa zima kwenye kisogo chake, na akajua kwamba imekwisha. Imekwisha kweli, na mwakani hata mlangoni hatasogea.

"Nipe ungo," Scolastica alimnong'oneza, na sauti yake haikuwa ya kushangilia. "Nipe, mwenzangu, usianguke."

Restuta akaushusha ungo kichwani, akageuka ampe. Sasa alikuwa ameipa altare mgongo, ameinama kidogo, ameshika mpunga kwa mikono miwili, na mbele yake, katika mstari wa wanawake, akamwona Agnella. Agnella naye akamwona. Yule mama mwenye mgongo mbovu akainama, akachomeka mche mmoja hewani.

Mguu wa kushoto wa Restuta ukarudi nyuma, ukapanda.

Hakuuomba. Wa kulia ukafuata. Ngazi ya pili. Scolastica, aliyekuwa amenyoosha mikono kupokea ungo, akaufuata ungo akipanda naye, mikono mbele, na kwa aliyekaa kwenye benchi ilionekana ni mchezo walioufanyia mazoezi miezi mingi. Kina mama wote wakainama, wakapandikiza. Kanisa likalipuka. Wazee waliozeeka na matope ya Kilombero wakasimama wakipiga makofi, maana waliutambua mwendo ule. Ngazi ya tatu. Restuta aligeuka, akamkabidhi padri ungo. Uso ulikuwa umelowa machozi na hakujali nani anaona.

Baada ya misa Apolinari alimfuata uwanjani kwa sauti ya matangazo.

"Mama Restuta. Ulimpa Mungu mgongo."

"Mzee wangu," Restuta akasema, "mpunga wote aliotujalia kwenye bonde hili, tumeupanda tukirudi nyuma. Ameuona mgongo wangu miaka arobaini. Nilidhani angependa kuona aliyeuleta ni yule yule."

Apolinari akauliza, kwa sauti ile ile, mwakani watahitaji mazoezi mangapi.

Scolastica alikuwa anasubiri pembeni na kitenge chake kipya, akiangalia chini. Restuta akamshika mkono.

"Alhamisi njoo ukumbini," alimwambia. "Uvue na soksi."